Komiki za zamani za mashujaa: kagua wino kabla ya hadithi

Hapa Malindi komiki za zamani hazikai dukani. Utazikuta chini ya boksi la vitabu vya mitumba, kwenye kabati la familia ambayo mzee wao alikuwa baharia, au katika nyumba ya Mwitaliano inayouzwa pamoja na vyombo vyake. Anayeuza aghalabu hana habari na anachokiuza, na wewe unapewa dakika chache, umesimama juani. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa jinsi kazi inavyofanyika pale pale. Nazungumzia hasa komiki za mashujaa wa Marekani, zile zilizochapwa kwenye karatasi ya gazeti. Jalada zuri lisikuteke. Uchapaji ndio unaosema ukweli.

Hatua ya 1: Beba vifaa

Lenzi ya sonara au ya fundi saa inayokuza mara 10, rula, na tochi ndogo. Ukiwa na ile taa ya kukagulia noti bandia, beba pia. Huna, mwombe mwenye kibanda cha M-Pesa akuazime kidogo. Nawa mikono, ikauke kabisa. Glavu za kitambaa mimi sizitaki: zinakunyima kuhisi karatasi, na nyuzi zake zinanasa kwenye kingo zilizochakaa.

Hatua ya 2: Tazama nukta

Fungua ukurasa wa ndani, uweke lenzi juu ya uso wa mhusika yeyote. Ngozi yake itageuka vinukta vya waridi na vya manjano vilivyojipanga safu safu, na katikati yake utaona karatasi tupu. Mitambo ile ilitumia wino wa aina nne: manjano, waridi iliyokolea, samawati na nyeusi. Zile tatu za mwanzo zilipigwa kwa robo, kwa nusu, au kwa ukamilifu wake. Changanya kila namna, ukihesabu na pale wino usipopigwa, unapata rangi 64 basi. Nyekundu, buluu na manjano zilitoka wazi hata kwenye karatasi duni, na ukitazama nguo za mashujaa wa zamani utaziona hizo hizo.

Kijivu ndicho kilichowatesa. Wino mweusi uliwekwa kwenye mistari na maandishi, kwa hiyo kijivu kilibidi kipatikane kwa kuchanganya nukta za rangi nyingine, na wino mmoja ukizidi kidogo tu, kimeharibika. Hulk, yule shujaa jitu wa kampuni ya Marvel, alipotoka mara ya kwanza, katika toleo lenye tarehe ya Mei 1962, alikuwa wa kijivu. Ukurasa huu ameiva, ukurasa ule amefifia, kwingine anaelekea ukijani. Toleo la pili wakamfanya kijani wakapumzika. Ukiletewa “toleo la kwanza” ambalo kijivu chake ni kimoja, safi, mwanzo hadi mwisho, rudisha pesa mfukoni kwanza.

Sasa sogeza lenzi hadi kwenye mstari mweusi, kwa mfano ukingo wa kidevu au herufi ndani ya kiputo cha maneno. Kwenye nakala halisi mstari huo ni mweusi mtupu, umeshiba, na wino umesambaa kidogo ndani ya nyuzi za karatasi. Kwenye nakala iliyopigwa skani kisha ikachapwa upya, mstari wenyewe umevunjika kuwa vinukta, na rangi nyingine zinachungulia pembeni yake. Kipimo hiki nakiamini kuliko vingine vyote.

Kisha taa ya noti. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung’arisha, nazo huwaka samawati chini ya taa hiyo. Karatasi ya gazeti ya zamani hubaki imezubaa. Pima kurasa za ndani, maana jalada lilichapwa mbali kwenye karatasi nyingine yenye mng’ao.

Rula nayo ina kazi. Mwaka 1974 kampuni ya DC ilitoa upya toleo la kwanza la Action Comics la Juni 1938, lile lililomleta Superman, ndani ya jalada la nje lililoeleza wazi kwamba ni marudio. Wajanja hubandua jalada hilo la nje wakabaki na kitu kinachofanana na asili. Lakini marudio hayo ni makubwa mno, urefu wake unapita sentimita 33, wakati asili haifiki hata 28.

Hatua ya 3: Soma bei, na usiidharau

Muuzaji mmoja wa vitabu alinionyesha muhuri wa 1/- juu ya jalada akaniambia, “Ami, hii ni ya hapa hapa, tazama, bei ni shilingi yetu.” Nikamwambia, “Mwanangu, hiyo ni shilingi ya Uingereza. Na sisi tuliupata mtindo huo wa kuandika kwao.” Komiki nyingi zilizofika pwani hii zilipitia Uingereza, kwa hiyo utakuta bei za 9d au 10d (d ni peni ya zamani), na baada ya Waingereza kubadili sarafu yao Februari 1971, bei kama 6p (p ni peni mpya).

Kuna aina mbili hapa. Ya kwanza ni nakala ya Marekani yenye bei ya senti, kisha msambazaji wa Uingereza akagonga muhuri wake juu. Ya pili ilichapwa na bei ya Uingereza tangu mtamboni. Hiyo wengi huiita marudio, nao wanaipunja. Ilitoka kwenye mtambo ule ule wa Marekani, na wino ule ule. Waliwasimamisha kidogo wachapaji, wakabadilisha bamba la wino mweusi la jalada ili bei isomeke kwa peni, na mara nyingi mwezi ukaondolewa, kwa sababu meli ingechelewa kuufikisha mzigo.

Senti nazo zina mambo yake. Mwaka 1976 kampuni ya Marvel ilijaribu bei ya senti 30 katika baadhi ya miji, wakati kwingine toleo hilo hilo liliuzwa 25. Mwaka 1977 wakafanya tena, 35 dhidi ya 30. Nakala hizo za majaribio ni chache na zinatafutwa sana. Tofauti yote ni tarakimu moja au mbili juu ya jalada, nayo huchorwa kwa kalamu na watu wasio na haya, kwa hiyo irudishe lenzi hapo.

Ukipata za Kiitaliano, na Malindi utazipata, ni mkusanyo mwingine kabisa. Editoriale Corno ilianza kumchapa Spider-Man kwa jina la L’Uomo Ragno mwaka 1970. Zinunue ukizipenda, ila usizilinganishe nambari na za Marekani.

Hatua ya 4: Tenga kosa la mtambo na kosa la mtu

Rangi iliyotoka nje ya mstari, midomo ya mtu ikaenda shavuni, ni kosa la mtambo: kila wino una bamba lake, na karatasi ikipita mbio bamba moja likisogea kidogo, ndivyo inavyotokea. Ni jambo la kawaida mno, kwa hiyo haliongezi thamani, wala haliipunguzi sana. Jalada lililokatwa upande, au ukingo wa kulia wenye meno meno kwa sababu kisu cha kiwandani kilikuwa butu (za Marvel za mwanzo wa miaka ya 1960 zina ugonjwa huo), hupunguza kiasi. Jalada mara mbili, moja juu ya jingine, lililobanwa kwa pini zile zile, ni bahati. Usilibandue!

Kosa la mtu ndilo linalouma. Komiki ya kawaida ya miaka ya 1960 na 1970 ina kurasa 32 za ndani. Hesabu zote, hasa karatasi ya katikati, kwa kuwa hiyo ndiyo hutoka kwenye pini kwanza. Kati ya 1974 na 1976 Marvel iliweka ndani ya komiki zake vijistempu vya kukata na kubandika kitabuni, na watoto wakatii. The Incredible Hulk nambari 181, ya Novemba 1974, ambayo shujaa Wolverine anaanza kuonekana ndani yake kikamilifu, nakala zake nyingi zina shimo la mkasi, na shimo hilo linaangusha bei vibaya sana.

Hatua ya 5: Zitunze kwa hewa ya hapa

Miongozo ya Ulaya inasema weka mahali pakavu. Sisi tuna chumvi hewani mwaka mzima, na masika juu yake. Pini hushika kutu, na kutu hiyo huhamia kwenye karatasi. Usizibadilishe pini mwenyewe, punguza unyevu. Kila komiki iingie kwenye mfuko wa polipropileni au Mylar (plastiki ngumu angavu), na nyuma yake kadibodi isiyo na asidi. Mifuko laini ya PVC inayonuka plastiki iache, itanata na kuharibu wino. Zisimamishe ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vijipakiti vya silika, ulinyanyue juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Liwe mbali na ukuta wa nje, na usijaribu kuzipanga kwenye zidaka za nyumba ya mawe: zinapendeza, lakini chokaa ile inavuta maji. Jua nalo hula nyekundu na manjano kwanza, jalada likabaki buluu tupu.

Ukiona vijitundu vya wadudu, funga komiki kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza kali kwa wiki nzima. Friza yenyewe ikiwa ya samaki, ongeza mfuko wa tatu. Ukiitoa, usifungue siku hiyo hiyo. Iache ndani ya mifuko hadi kesho yake, ili umande ugandie nje ya plastiki badala ya kulowesha karatasi.