Tabini za mkondo wa bahari ndani ya modeli: utumie kasi ipi?

Juzi nilikaa na mdogo wangu mmoja anayesomea uhandisi. Modeli yake ya Pentland Firth, kaskazini mwa Uskoti, ilimpa jibu jipya kila alipopunguza ukubwa wa seli (vipande ambavyo modeli huigawa bahari): tabini zilezile, bahari ileile, umeme unashuka. Tatizo hilo liliwahi kunila wiki nzima, kwa hiyo nimeandika tulivyolitatua.

1. Bahari kwanza. Tumia Telemac-2D, programu ya kukokotoa mwendo wa maji kwa wastani wa kina. Ni ya bure, na wavu wake wa pembetatu unakuruhusu seli ndogo penye tabini na kubwa huko nje. Mpaka wa modeli upeleke mbali, hadi bahari kuu. Linganisha na vipimo vya bamvua na vya maji mafu kabla hujagusa tabini.

2. Data za tabini. Tulichukua mfano wa MeyGen, shamba la tabini kati ya kisiwa cha Stroma na bara: tabini 4 za megawati 1.5, rota ya kipenyo cha mita 18. Eneo la rota, A, ni kama mita za mraba 254. Namba ya msukumo, Ct (jinsi tabini inavyoyazuia maji), tuliiweka 0.8.

3. Kani. Tabini huyazuia maji kwa kani F = ½ρCtAU², ambapo ρ ni msongamano wa maji na U ni kasi yake. Kwenye Telemac iingize kupitia DRAGFO, sehemu ya msimbo wake inayoongeza kani za vizuizi, lakini ibadilishe. DRAGFO iliandikwa kwa ajili ya nguzo zinazosimama toka chini hadi juu ya maji, kwa hiyo kina kimejifuta chenyewe kwenye fomula yake. Rota haijazi kina chote: gawanya kwa kina, h.

4. Kasi. Hapa ndipo penye kazi. U ya kwenye fomula ni kasi ya maji *kabla* hayajahisi tabini. Modeli inakupa u ya ndani ya seli, ambayo tabini imeshaipunguza. Seli ikiwa na upana wa mita 200, tofauti haionekani. Ikiwa na mita 20, inaonekana sana.

Wengi huchukua kasi ya seli iliyo mbele kidogo. Siwashauri: maji yakigeuka, "mbele" inakuwa nyuma, na mbele ya tabini moja huwa kuna nyingine. Wala usichukue kasi ya modeli isiyo na tabini, maana safu ya pili hupata maji yaliyokwishachoshwa na ya kwanza.

Mimi natumia marekebisho ya Kramer na Piggott ya 2016:

U = 2u / (1 + √(1 − γCt)), ambapo γ = A / (upana × h)

Kwa kina cha mita 35 na upana wa mita 20, γ ni 0.36, na u ni kama 0.92 ya U. Inaonekana ndogo, lakini kani hufuata mraba wa kasi: ukirekebisha, itazidi kwa asilimia 18. Kwa upana wa mita 200 inazidi kwa asilimia 1.5 tu.

Angalia upana huo. Ni upana wa eneo lote ulilotandazia kani, unaopimwa kukingama mkondo. Si upana wa pembetatu moja. Mdogo wangu alikosea hapo hapo, hata baada ya kuielewa fomula. Eneo hilo lisiwe jembamba kuliko rota. Na marekebisho haya yanasahihisha kani peke yake. Umbo la maji yaliyotulia nyuma ya tabini bado si la kuaminika katika modeli ya wastani wa kina.

5. Umeme. P = ½ρCpAU³, kwa U ileile iliyorekebishwa; Cp ni sehemu ya nguvu ya maji ambayo tabini huinasa. Ukitumia u, 0.92 kwa mchemraba ni 0.78: umepoteza zaidi ya moja ya tano ya umeme kwenye karatasi tu. Kasi ikipita ile ya uwezo kamili wa tabini, shusha Ct na Cp pamoja, kwa kuwa mapanga hugeuzwa kuyapitisha maji.

6. Jaribio. Mfereji ulionyooka, tabini moja, seli za mita 200, 50, kisha 20. Umeme ukikaribiana kote, rudi Pentland. Usipokaribiana, rudi hatua ya 4, uanze na upana.