Seti ya turbo kwa Altezza ya Dodoma: anza na hewa, boksi baadaye

Mwaka jana kijana mmoja anayefanya kazi Mtumba aliniletea Toyota Altezza RS200 gereji, Kizota. Alinunua mtandaoni seti ya turbo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa egzosi ili ishindilie hewa kwenye injini, ikafungwa kwenye gari Dar, akapanda nalo Dodoma. "Fundi," akaniambia, "hii gari kule Dar ilikuwa inaruka. Huku imekuwa nzito, na sasa inatoa moshi wa bluu." Nikafungua bomba la kuingizia hewa, nikamulika kwa tochi ya simu. Ncha za mapanga ya turbo zilikuwa zimelika, butu kama jembe la msimu wa tatu. Nikashika shafti nikaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Turbo ile haikuwa mbovu ilipotoka kwenye boksi. Ilichaguliwa kwa ajili ya injini nyingine na mahali pengine. Tulianza upya toka mwanzo, na njia tuliyopita ndiyo hii.

Hatua ya 1: Pima injini uliyonayo

RS200 ya gia za mkono ina injini ya 3S-GE BEAMS: silinda nne, cc 1,998, uwiano wa mbano 11.5 kwa 1. Shika hiyo namba ya mwisho. Injini iliyozaliwa na turbo kiwandani hubana kidogo kuliko hapo. 1JZ-GTE ya Mark II JZX100, kwa mfano, ni 9 kwa 1. Injini inayobana sana ukiishindilia hewa zaidi, mafuta hujiwakia yenyewe kabla ya zamu yake, injini inagonga, na siku moja unakuta pistoni ina tundu. Ndiyo maana BEAMS yenye pistoni zake za kiwandani mimi siivushi presha ya turbo ya bar 0.5. Nimeshaitwa mwoga kwa hilo, sawa tu.

Kama Altezza yako ni AS200 yenye 1G-FE, ushauri wangu ni mfupi: acha. Ukijumlisha seti nzuri, nozeli za mafuta, kompyuta ya injini na ufundi, ni heri utafute 1JZ-GTE iliyotumika ambayo turbo imekuja nayo, ukaifunga, ukaenda kurekebisha namba ya injini kwenye kadi ya gari.

Kisha pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana. Injini iwe ya moto, chomoa plagi zote, toa fyuzi ya pampu ya mafuta na ya koili, kanyaga akselereta hadi chini, piga stata. Geji itasoma chini ya kitabu cha gari kwa kama asilimia 12. Usishtuke, hiyo ni hewa nyepesi ya Dodoma, siyo ringi za pistoni. Unachotafuta ni tofauti kati ya silinda na silinda: ya chini ikiachana na ya juu kwa zaidi ya asilimia 10, habari ya turbo iishie hapo kwa sasa, fedha iende kwenye ringi na vali.

Hatua ya 2: Ijue hewa ya hapa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na wauzaji hawana sababu ya kukuambia.

Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Dar hewa ya nje ina presha ya bar 1.01, hapa ni kama 0.885. Springi ya wesigeti, ile inayoamua turbo isukume hadi wapi, inajipima dhidi ya hewa ya nje. Springi ya bar 0.5 itakupa bar 0.5 juu ya hewa ya nje popote ulipo. Kwa hiyo Dar injini inapata 1.01 na 0.5, jumla 1.51. Dodoma inapata 1.385. Geji ya kwenye dashibodi inaonyesha 0.5 kotekote. Kijana wangu aliangalia geji, akaona kila kitu kiko sawa, na gari zito.

Fundi wa harakaharaka atakwambia: "Ongeza presha kidogo ufidie." Fuata hesabu uone bei ya hiyo "kidogo". Kompresa, upande wa turbo unaosukuma hewa, haijali geji yako. Inajali uwiano: presha inayotoka ugawe kwa presha inayoingia. Chukulia filta inakula bar 0.02 na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ikitoka kwenye turbo, inakula 0.07. Dar, kwa bar 0.5, turbo inatoa kama 1.58 kutoka 0.99 inayoingia: uwiano 1.6. Ukitaka injini ipate 1.51 ileile hapa Dodoma, inabidi itoe 1.58 kutoka 0.865: uwiano 1.83. Ni kazi nyingine kabisa. Shafti inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na kama turbo ilikuwa imeshafika ukingoni Dar, hapa unaitoa roho.

Ukibaki kwenye bar 0.5 ya Dodoma, uwiano ni 1.68. Hewa ikiingia na nyuzi 35, jambo la kawaida boneti ikiwa imefungwa mchana wa Oktoba, na kompresa ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka na nyuzi kama 105. Hiyo inachemsha maji, tena huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mtu anayekuuzia seti isiyo na intakula anakuuzia jiko.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya hewa, siyo ya farasi

Injini ya viharusi vinne huvuta hewa ya ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili ya krenki. Lita 2, mizunguko 7,000 kwa dakika: lita 7,000. Haijai yote, tuseme inajaa asilimia 95, zinabaki lita 6,650, yaani mita za ujazo 6.65. Hewa yenye presha ya bar 1.385 na nyuzi 45 baada ya intakula ina uzito wa kilo 1.52 kwa mita moja ya ujazo. Zidisha: kilo 10.1 kwa dakika.

Chati nyingi za turbo zimeandikwa kwa pauni, kwa hiyo hiyo ni pauni 22. Mafundi tuna kanuni ya jumla kwamba pauni moja ya hewa kwa dakika inabeba farasi 10 hivi, basi ni farasi 220.

Utaniuliza: Toyota walisema gari hili lina farasi 210 toka kiwandani, turbo yote hii ya nini? Kanuni ya pauni ni ya tahadhari, imewekwa kwa injini ya turbo inayokunywa mafuta mengi na kuwasha moto kwa kuchelewa ili isigonge. Linganisha hewa kwa hewa. Injini hiyohiyo, hapahapa Dodoma, bila turbo, kwa hesabu ileile inapata kilo 6.5. Kutoka 6.5 hadi 10.1 ni nusu nzima ya ziada, na utaisikia mgongoni.

Hatua ya 4: Chagua turbo yenyewe

Sasa una namba mbili: pauni 22 na uwiano 1.68. Tafuta chati ya kompresa ya turbo unayoitaka. Muuzaji asiye na chati, aga kwa heshima uondoke. Weka alama pale namba zako mbili zinapokutana. Ikiangukia katikati ya visiwa vya duara vilivyochorwa humo, upo pazuri. Ikiangukia kushoto nje ya mstari, hewa itakuwa inarudi nyuma na turbo itakohoa. Kulia kabisa, imeshiba na haina pa kwenda.

Kwa BEAMS hii nilimchagulia Garrett GT2560R, ambayo Garrett wenyewe wanaiweka kwenye farasi 200 hadi 330. Aliyokuja nayo ilikuwa nakala isiyo na chati, kwa macho ukubwa wake ni wa daraja la GT2871R, ambayo ni ya farasi 280 hadi 475. Kubwa namna ile kwenye injini ya lita mbili, kwa presha ndogo, inachelewa kuamka. Mjini hapa, kutoka keepilefti moja hadi nyingine na kibao cha 50 kikikuangalia, utaishia kuimiliki bila kuitumia hata siku moja.

Utaona pia namba ya A/R kwenye nyumba ya upande wa egzosi. Ndogo, kama 0.64, turbo inaamka mapema. Kubwa, kama 0.86, inapumua vizuri juu lakini inachelewa. Kwa gari la barabarani chukua 0.64, tuendelee.

Hatua ya 5: Kagua vitu vidogo ndani ya boksi

Turbo inauzwa kwa picha, inakufa kwa vitu visivyo kwenye picha.

Filta kwanza. Ile ya wazi, yenye umbo la uyoga, inayokaa uchi ndani ya boneti, ndiyo iliyoua turbo ya kijana. Vumbi la Dodoma ni laini, linapita, na mapanga yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika yakikutana na mchanga hayana ujanja. Weka filta ya karatasi ndani ya boksi lililofungwa, likivuta hewa nyuma ya taa ya mbele. Sauti ya kufyonza inapungua. Vumilia.

Bomba la kurudisha oili. Hapa nami nilishaumia: turbo ya kwanza niliyofunga maishani niliipa bomba jembamba lenye kona, na sehemu moja ilipanda juu kidogo kabla ya kushuka. Oili haikupata njia ya kurudi, ikapenya kwenye sili, gari likafuka moshi hadi nikarudisha fedha ya mtu. Oili ikitoka kwenye turbo inashuka kwa uzito wake tu, haisukumwi. Bomba liwe nene, lishuke moja kwa moja, liingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. La kuleta oili, kinyume chake, liwe dogo. Turbo ya beringi za gololi kama GT2560R inahitaji kibano chake cha kupunguza oili, isizamishwe.

Maji. Turbo hii inapozwa pia kwa maji, na maji yetu ya bomba yana chumvi, angalia birika lako la chai. Tumia kulanti. Na mfuniko wa rejeta uwe mpya, maana presha yake ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema.

Manifoldi, ile inayoshika turbo kwenye injini: chuma cha kumwaga kinakaa kuliko mabomba yaliyochomelewa, hata kama hayo ya pili yanang'aa.

Hatua ya 6: Mafuta na kompyuta

Farasi 220 za turbo zinahitaji nozeli nne za kama cc 440 kwa dakika kila moja, ukizipa nafasi ya kupumua asilimia 20. Pampu ya mafuta badilisha hapohapo. Vile vifaa vidogo vya kudanganya sensa vinavyokuja bure kwenye seti, tupa. Unahitaji kompyuta inayopangika inayosoma presha kamili ya hewa, na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye egzosi. Turbo ikiwa inasukuma tunataka sehemu kati ya 11.5 na 12 za hewa kwa moja ya mafuta. Kompyuta ipangwe kwa petroli unayoweka kila wiki, na kama unashuka Dar mara kwa mara mwambie fundi anayeipanga, kwa sababu ukishuka Morogoro hewa inazidi kuwa nzito na springi ileile inampa injini zaidi ya alichozoea huku juu. Mpangilio ufanyike kwa kuwaza Dar, hata kama gari linalala Nkuhungu.

Hatua ya 7: Klachi na breki

Klachi ya zamani itateleza wiki ya kwanza. Pedi za breki na oili ya breki, mpya. Hakuna la zaidi.

Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Mimina oili safi kwenye tundu la turbo kabla ya kufunga bomba. Toa fyuzi ya koili na ya pampu, piga stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izimike. Rudisha fyuzi, washa, acha ingurume taratibu bila kukanyaga akselereta kwa dakika tano huku ukimulika kila kiungo. Kilomita 500 za kwanza usitafute presha. Kisha badilisha oili na filta yake.

Kijana nilimpa sharti moja kabla ya kumkabidhi ufunguo: aende Kondoa na kurudi, mwendo wa kawaida, kisha anirudishie gari kabla hajaliosha. Akaja Jumatatu asubuhi. Boksi la filta lilikuwa na vumbi jekundu kijiko kizima upande wa nje. Upande wa ndani nilipitisha kidole, kikatoka cheupe.