Kapasita Hii Ina Chanya na Hasi? Soma Mwili Wake Kabla ya Kuichomelea

Kapasita mpya haina ugumu: mguu mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Kazi ipo kwenye zile zilizong'olewa bodi chakavu, zinazojaa kwenye makopo ya mafundi wa sabufa pale Mwanjelwa, Mbeya. Miguu imeshakatwa, yote inalingana. Hapo inabidi usome mwili.

Ya aluminiamu, ile ya mtungi mdogo uliovikwa plastiki, karibu zote zina pande. Izungushe polepole utaona mstari mpana unaoshuka hadi chini, wenye alama za kutoa (−). Mguu ulio usawa wa mstari huo ni hasi. Zile fupi za kubandika juu ya bodi hazina plastiki. Kipande cheusi kichwani ndiyo hasi, na kitako chake kimekatwa pembe mbili upande wa chanya.

Kwenye tantalamu ndipo wengi huteleza. Ni kitofali kidogo cha njano au cheusi, na mstari wake ni wa CHANYA. Mkono uliozoea mitungi huigeuza bila kufikiri, na tantalamu iliyogeuzwa hupiga shoti, wakati mwingine huwaka moto kabisa.

Seramiki bapa yenye namba kama 104 (yaani 0.1 µF) haina upande. Vivyo hivyo za plastiki zilizoandikwa X2, na zile za mota zenye 450 VAC. Feni huku kwenye baridi ni chache, ila kwenye pampu za maji utazikuta. Ukiona VAC au alama ya ~, weka vyovyote.

Usidanganywe na mtungi usio na mstari, ulioandikwa BP au NP. Huo hauna upande, na hukaa ndani ya spika ukichuja sauti ya twita. Ukiukosa, chukua mbili za kawaida uziunganishe hasi kwa hasi: mbili za 10 µF zinakupa 5 µF.

Maandishi yamefutika? Iangalie bodi. Alama ya + haina utata. Nusu duara iliyopakwa rangi mara nyingi ni hasi, lakini kuna viwanda vilivyopaka chanya, kwa hiyo hakikisha kwa mita. Kwanza zima, chomoa, kisha maliza chaji: zile za 400 V ziunganishe mguu kwa mguu kupitia rezista ya kΩ 2, wati 5, kwa sekunde tano. Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye pete ya nje ya tundu la AV, nyingine kwenye mguu. Unaolia kwa kawaida ni hasi. Kwa amplifaya yenye umeme wa pande mbili (+ na −) kipimo hicho hakitoshi, maana kapasita ya upande wa − chanya yake ndiyo inayolia.

Ukiigeuza ya mtungi, utando wa oksaidi ndani huharibika, umeme hupita, gesi hujaa. Kwa hiyo unapowasha mara ya kwanza, uso uwe mbali. Kichwa kikianza kuvimba, zima hapohapo.