Kigari cha mtoto mjini Tanga: namna ya kukichagua, na namna ya kuwajibu wanaosema

Mjini Tanga mzazi hana chaguo lisilosemwa. Mama akimfunga mtoto mbeleko, ataambiwa anampinda miguu, mtoto atakuwa na matege. Akinunua kigari kipya, anajidai. Akinunua cha mtumba, ataulizwa kimelaliwa na mtoto gani, na mtoto huyo yuko wapi leo. Baba akikisukuma yeye, basi kapewa limbwata. Ukitoka Barabara ya Nane hadi ufike soko la Mgandini unaweza kuwa umeshapokea mashauri manne yanayopingana, na kila aliyeshauri amesema kwa yakini.

Kigari kichaguliwe kwa shingo ya mtoto, kwa njia mnayopita, na kwa fundi atakayekitengeneza kikiharibika. Maneno ya watu nayo yana kipimo chake: je, yanagusa pumzi, shingo, joto au magurudumu? Yakigusa, angalia papo hapo, hata kama yamesemwa kwa kebehi, maana bibi mwenye ulimi mkali huenda ameona ambalo wewe hukuliona. Yasipogusa, yaache yapite.

Wazee wanaposema kweli

"Shingo haijakaza hiyo." Hili ni neno la kushika. Mtoto ambaye hajamudu shingo asiketishwe wima. Kichwa chake ni kizito kuliko misuli yake; kikianguka mbele, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hubanwa bila hata sauti ya kilio. Kwa hiyo kabla ya miezi sita hivi kiti kiwe kinalala karibu bapa kabisa. Vile vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli, vingi havilali hivyo. Ni vya mtoto anayekaa mwenyewe bila kushikwa. Usitie mto nyuma ya kichwa ili "kumsaidia", kwa sababu mto ndio unaokisukuma kichwa mbele. Mtoto akiwa kwenye kiti, vidole vyako viwili viweze kupita kati ya kidevu na kifua.

"Jua litamchoma." Kweli pia, ila dawa inayotumika mara nyingi ni mbaya kuliko ugonjwa. Kanga iliyotandazwa juu ya kigari kizima huzuia hewa. Joto hupanda ndani na mtoto haonekani. Kwa unyevunyevu wa pwani yetu, jasho lake hukauka kwa shida. Vuta kofia ya kigari, kisha kama jua linapenya upande mmoja, funga kanga upande huo tu, mbele na pande nyingine zibaki wazi. Ukitaka kujua kama amepata joto, gusa shingo yake kwa nyuma au kifua. Viganja na nyayo vitakudanganya. Matembezi yafanywe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni.

Mara nyingi anayetaka mtoto afunikwe hajali jua tu, anaogopa jicho. Usimbishie. Yanayotakiwa ni macho ya watu yasimfikie mtoto, na hilo linawezekana bila kumziba hewa: chagua kigari ambacho mtoto anamwelekea anayesukuma. Huko mbele watu wataona mgongo wa kiti, wewe utauona uso na pumzi yake. Kama amefungwa uzi au hirizi, isikae shingoni akiwa ndani ya kigari, kwa sababu hunasa kwenye mkanda. Kamba yoyote inayoning'inia, hata ya kuchezea, isizidi shubiri moja.

Na kwa kuwa mama na mtoto hukaa ndani mpaka arobaini, hakuna haja ya kukimbilia kununua kabla ya uzazi. Siku hizo arobaini zitumie kupima.

Pima nyumba na njia kwanza

Chukua futi. Pima mlango mwembamba kuliko yote, pamoja na ukumbi ikiwa mmepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi na njia imejaa ndoo na majiko. Kigari kiwe chembamba kuliko mlango kwa sentimita tano angalau, la sivyo kila siku utaumia vidole. Hesabu ngazi za baraza. Kigari kikubwa huwa na kilo 10 hadi 14, cha mwavuli kilo 5 hadi 7. Jumlisha na mtoto, kisha jiulize nani atakipandisha mama akiwa peke yake. Aliyezaa kwa upasuaji huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kama sita. Huyo si mvivu akimwomba jirani amshikie upande mmoja, na halazimiki kumweleza mtu habari za kidonda chake.

Halafu njia. Lami ya mjini na kule Raskazone huvumilia gurudumu lolote. Mitaa ya ndani ni jambo jingine: mchanga wakati wa kiangazi, matope masika, na mitaro iliyo wazi kandokando. Magurudumu madogo ya plastiki, yale ya sentimita 12 hadi 15 yaliyopangwa mawili mawili, huzama mchangani. Ukisukuma kwa nguvu kigari husimama ghafla na kuinuka nyuma, mtoto hurushwa mbele kwenye mkanda. Kwa njia hizo tafuta tairi za upepo zenye kipenyo cha sentimita 30 hivi. Gurudumu la mbele linalozunguka huku na huku lifungwe lielekee mbele kabla hujaingia penye mchanga au mawe. Ukivuka mfereji uliofunikwa kwa nondo, vuka kwa mshazari, maana gurudumu jembamba likiingia sambamba na nondo hutumbukia.

Ikiwa safari zenu ni za daladala, yote hayo hubadilika. Kigari kikubwa konda atakikataa, au atakitoza. Hapo cha mwavuli ndicho chenye faida, na kwenye mchanga umbebe mtoto kwa mbeleko. Kilibuniwa kwa shida hiyohiyo: mwaka 1965 mhandisi wa ndege wa Uingereza, Owen Maclaren, alimwona binti yake akihangaika kusafiri na kigari kizito cha mjukuu, akatengeneza cha alumini chenye uzito wa kilo tatu hivi. Babu alichunguza tatizo, hakulaumu.

Kukikagua cha mtumba

Anayekucheka kwa kununua mtumba hana hoja, mradi umekagua. Usikubali kuuziwa kikiwa kimekunjwa. Nenda na mfuko wa unga wa kilo 10, kipande cha sumaku (hata cha spika mbovu kinatosha) na ufunguo.

Anza kwa kukikunja na kukikunjua mara tano. Kinapokunjuka lazima kijifunge sehemu mbili tofauti, kufuli kuu na la akiba. Likiwa moja limekatika au limefungwa kwa waya, kiache hata kwa bei ya bure, kwa sababu kitajikunja mtoto akiwa ndani. Chunguza bawaba. Mwaka 2009 nchini Marekani vigari karibu milioni moja viliitwa virekebishwe baada ya bawaba kukata ncha za vidole vya watoto. Tiba ilikuwa vifuniko vya kitambaa juu ya bawaba. Kama chako hakina, fundi cherehani atashona kwa dakika chache, na ujizoeze kumweka mtoto mbali unapokunja.

Weka unga kwenye kiti, peleka kigari kwenye mteremko wowote, kanyaga breki, ondoa mikono. Kisogee hata kidogo, breki imekwisha. Kisha shika kila gurudumu ulitikise kushoto na kulia; likicheza sana, ekseli au tundu lake limeliwa. Mkanda uwe wa ncha tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na mmoja kati ya miguu. Mkanda wa kiuno peke yake haufai kwa mtoto mdogo, huteleza chini akaning'inia kwa shingo. Kifungo kikifungwa, kivute kwa nguvu zako zote.

Sasa sumaku. Ikinata kwenye fremu, ni chuma. Isiponata, yaelekea ni alumini. Chuma si kibaya, ila hewa ya bahari hukila, na kutu huanza ndani ya mabomba, pale yanapoungana. Piga piga viungo kwa ufunguo: sauti iliyoziba au unga mwekundu unaodondoka ni dalili ya bomba lililooza ndani. Rangi mpya iliyopakwa viungoni tu inastahili maswali.

Kitambaa chenye ukungu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kuanikwa juani siku mbili. Godoro lililolowa likanuka, badilisha. Hapo ndipo utakapokuwa umemjibu yule aliyeuliza kilikuwa cha nani.

Fundi wako ni fundi baiskeli

Tanga ni mji wa baiskeli, na hiyo ni bahati ya mwenye kigari. Tairi nyingi za upepo za vigari zimeandikwa 12½ × 2¼ (ni inchi), kipimo kilekile cha baiskeli ndogo za watoto. Tairi na tyubu zake hupatikana kwa wauza vipuri wa kawaida. Soma maandishi hayo ubavuni mwa tairi kabla hujalipa. Gurudumu la plastiki lenye umbo la peke yake likipasuka, aghalabu kigari kizima hukaa uvunguni mwa kitanda, na hii ndiyo sababu kubwa ya kukataa vile vya kupendeza vyenye magurudumu ya ajabu.

Ukitoka ufukweni futa fremu na magurudumu kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kausha. Mara moja kwa mwezi tia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli na bawaba. Mafuta ya kupikia hapana. Yanaganda na kukusanya mchanga. Kaza nati zote kila baada ya wiki mbili, kwani barabara yenye mashimo huzilegeza. Mizigo ya sokoni iwekwe kapuni chini, kilo mbili tatu. Mfuko wa nazi ukiuning'iniza kwenye mshikio, kigari kitapinduka kinyumenyume dakika ile utakapomtoa mtoto, au hata akiwemo.

Mbeleko isidharauliwe

Anayesema mbeleko ni ya kishamba amekosea sawa na anayesema kigari ni cha kizungu. Miguu ya mtoto mchanga huwa imejipinda kidogo kutokana na kukunjwa tumboni, na kwa kawaida hunyooka yenyewe anapokaribia miaka miwili. Mbeleko haileti matege. Mapaja yakiwa yamefunguka na magoti yako juu kidogo ya makalio, kiungo cha nyonga hukaa vizuri zaidi. Kitambaa kishike kutoka goti hadi goti. Asiyemudu shingo abebwe mbele, mahali unapoiona pua yake. Na usisimame kwenye jiko lenye mafuta ya moto ukiwa umembeba.

Nyumba nyingi zitahitaji vyote viwili: kigari kwa barabara ndefu na mtoto aliyelala, mbeleko kwa daladala, matope na usiku wa homa.

Kuwajibu

Kwa bibi, salamu kwanza. "Shikamoo bibi." Akishaitikia na kusema lake, mwonyeshe kwamba neno lake limefanyiwa kazi: "Bibi, shingo kweli bado, ndiyo maana nimemlaza." Kisha mpe mshikio asukume hatua chache, mfundishe breki. Mzee aliyeshika kigari kwa mkono wake huwa mtetezi wake mtaani.

Kwa mama mkwe, mume ndiye aseme, tena kabla ya kununua. Aseme mwenyewe kwamba amepima njia na mlango. Usiache lionekane ni wazo la mke. Mwombeni yeye mbeleko. Kanga atakayotoa itumike kweli, si kukunjwa sandukuni.

Wifi au shoga akisema mnajidai, usitaje bei wala usijitetee kwa umaskini. "Mgongo wangu ni mmoja, wifi," inatosha. Kwa mpita njia, "ahsante" na kuendelea.

Baba anayesukuma kigari atasemwa kuliko wote. Asijibu limbwata kwa hasira, na mke asijibu kwa niaba yake. Aseme, "Ni mwanangu," aendelee na safari. Ila arekebishe mshikio ufike usawa wa kitovu chake au chini kidogo. Baba mrefu akiinama juu ya kigari kifupi huumia kiuno na kupiga magurudumu teke, kisha hukiacha, na watu hudhani ameona aibu.

Yapo yasiyofaa kuvumiliwa: mtu kufungua mkanda "mtoto apumue", kumketisha wima aliyelazwa, au kukiacha kigari bila breki kando ya mtaro. Hapo sema wazi, kwa adabu, na ufunge tena mwenyewe.

Wiki za mwanzo maneno huumiza kuliko kawaida, kwa sababu mama hajalala. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya wengi. Huzuni ikizidi wiki mbili, au mama akikosa hamu hata ya mtoto, amweleze muuguzi siku ya kliniki. Si suala la kigari tena.

Vigari vingi vina kikomo cha kilo 15. Kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya kiti. Mtoto akikifikia, kigari kitaombwa, pengine na yuleyule aliyesema sana. Kabla ya kumpa, rudia jaribio la unga na breki, mwonyeshe kufuli zote mbili, na umpe na tyubu ya akiba.