Kuimarisha breki ya mbele ya Yamaha Drag Star 650, hatua kwa hatua

Drag Star 650 ni pikipiki ninayopenda kuishika. Injini ya cc 649, silinda mbili zilizokaa kama herufi V, na nguvu inakwenda tairi la nyuma kwa shafti, kwa hiyo hakuna cheni ya kuhangaika nayo. Lakini ni chuma kizito. Kabla hujapanda wewe na abiria wako, imeshavuka kilo 200. Mbele ina diski moja tu ya milimita 298 na kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni mbili, nyuma ina breki ya ngoma. Nyingi zinazoletwa gereji kwangu hapa Dar es Salaam zina miaka ishirini na kitu, na mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki, ni uleule zilizotoka nao kiwandani.

Mzee mmoja aliniletea ya kwake baada ya kuteremka Kitonga akitokea Iringa. Akaniambia, "Fundi, nilikamata breki ya mbele, mkono wa breki ukaja mpaka kwenye gripu. Nataka unifungie kalipa kubwa, zile za pikipiki za mashindano." Nikamjibu, "Mzee wangu, kalipa yako haijakukosea. Niruhusu kwanza nifungue nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta kwenye kalipa, tuone mafuta." Mafuta yalitoka meusi kama kahawa ya kijiweni.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevunyevu, na ukanda wetu wa pwani una unyevunyevu wa kutosha. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa umeshikilia breki muda wote, mafuta mazee yanachemka ndani ya kalipa na kutoa mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Ndiyo maana mkono ukalegea. Kalipa kubwa yenye mafuta yaleyale ingefika palepale.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: kwanza rudisha breki katika hali yake ya upya, kisha badilisha vile vinavyopoteza nguvu, na mwisho kabisa ndipo uanze kufikiria masta nyingine (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) au diski ya pili. Wengi wanaofuata utaratibu huu hawafiki huko mwisho.

Unachohitaji

Mpira mpya wa breki wenye wavu wa chuma nje, pedi za chuma zilizoandikwa HH, seti ya sili (raba za kuziba mafuta) za kalipa na ya masta, washa mpya za shaba, chupa ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa, grisi ya silikoni, sirinji kubwa na kipande cha mpira mwembamba wa plastiki. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ni lazima. Kama huna, azima kwa fundi mwenzako.

Kuhusu zile herufi za pedi: ya kwanza inaeleza mkwaruzo pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa na moto. F iko chini, G katikati, H juu. Pedi ya HH inashika asubuhi unapotoka nyumbani na inashika vilevile chini ya mlima. Usinunue pedi isiyo na maandishi yoyote kwa sababu tu ni ya bei nafuu.

Usinunue DOT 5. Hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na DOT 4. DOT 5.1 ni kitu kingine kabisa, hiyo inaweza kutumika.

Hatua ya 1: Pima diski

Pembeni mwa diski pamechongwa unene wa chini unaoruhusiwa. Pima kwa mikromita sehemu sita, si moja. Ikiwa imeshuka chini ya hapo, diski hiyo haifai tena, hata kama inang'aa. Inua tairi la mbele, lizungushe polepole na uangalie kama diski inayumba kushoto na kulia. Mkono wa breki unaodunda vidoleni unapopunguza mwendo hutokana na diski, na pedi mpya hazitaliondoa tatizo hilo.

Hatua ya 2: Fungua kalipa na uisafishe

Funika tangi la petroli kwa kitambaa kilicholowa maji. Mafuta ya breki yanakula rangi. Yakidondoka, mwagia maji mengi papo hapo.

Toa bolti za kalipa, chomoa pedi, lakini mpira wa zamani uache bado umefungwa. Sasa weka kipande cha ubao kati ya pistoni na upande wa pili, kisha kamua mkono wa breki polepole ili pistoni zisogee nje. Zikitoka kwa kasi tofauti, bana ile inayokimbia na uisubiri nyenzake. Pistoni iliyokwama itolewe hivihivi, kwa shinikizo la mafuta. Usiishike kwa koleo, maana mkwaruzo mmoja juu yake utakula sili mpya ndani ya miezi michache.

Hapa nasisitiza kwa moyo wangu wote: usioshe kalipa kwa petroli wala dizeli. Najua ndivyo tulivyofundishwa, kila kitu kinaingia kwenye beseni la petroli. Sili za breki zimetengenezwa kwa raba inayovumilia mafuta ya breki na haivumilii mafuta ya petroli. Inavimba, inalainika, na pistoni inabaki imeng'ang'ania. Breki inashika hata ukiiachia, diski inapata moto, na safari inayofuata ndiyo inayokuletea balaa. Maji ya sabuni na mswaki wa meno vinatosha. Grisi ya kawaida ya beringi nayo isikaribie hapo.

Ukishatoa sili za zamani, chunguza mifereji yake. Kwa pikipiki iliyokaa karibu na bahari utakuta unga mweupe mgumu umejaa mle. Huo unga ndio unaoisukuma sili ibane pistoni. Ukwangue kwa kijiti cha mti au plastiki ngumu mpaka mfereji uonekane chuma kitupu. Kazi hii peke yake inaweza kuchukua saa nzima, na sijawahi kujuta kuitumia saa hiyo. Sili ile, ukiiangalia vizuri, ina pande nne. Pistoni inapotoka, sili inajipinda nayo. Ukiachia breki, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo. Hakuna springi nyingine inayofanya kazi hiyo. Sili chafu haijipindi, na breki haiachii.

Paka sili mpya mafuta ya breki mapya, zirudishe, kisha sukuma pistoni kwa vidole. Zikikataa kwa vidole, kuna kitu hukusafisha. Pini ambazo kalipa inateleza juu yake zipake grisi ya silikoni.

Hatua ya 3: Mpira mpya

Mpira wa zamani huvimba kidogo kila unapokamua breki. Sehemu ya nguvu ya vidole vyako inaishia kwenye kuuvimbisha. Wenye wavu wa chuma hauvimbi kwa kiasi cha kuhisi, na hii ndiyo tofauti ambayo wateja wangu huigundua kabla hawajatoka getini.

Pima urefu kwa kamba. Inua mbele ya pikipiki mpaka shokapu zinyooke kabisa, geuza usukani wote kulia, kisha wote kushoto, na kamba isikazwe popote. Kama umefunga usukani mrefu, urefu wa kiwandani hautakutosha. Hakikisha mpira hausugui rimu wala waya.

Kila bolti ya mpira inapita katikati ya washa mbili za shaba, moja kila upande, mpya. Ya zamani imeshabonyea mara moja na haitaziba tena sawasawa. Mimi hukaza bolti hizi kwa Nm 30 za toki renchi, na bolti za kalipa kwa Nm 40. Kabla hujakaza, zungusha bolti kwa vidole mpaka iingie yote. Pikipiki nyingi za Kijapani zinatumia bolti zenye nyuzi za milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, lakini baadhi ya mipira inayouzwa huja na bolti za 1.0. Zinafanana machoni. Ukilazimisha kwa spana, umeharibu kalipa.

Hatua ya 4: Kutoa upepo

Hewa inapanda juu, kwa hiyo mimi hujaza kutokea chini. Jaza sirinji DOT 4, iunganishe na nipo ya kalipa, fungua nipo robo mzunguko na sukuma taratibu huku mwenzako akiangalia chupa ya masta isifurike. Ukiona mapovu yameacha kutoka juu, funga nipo.

Kisha malizia kwa njia ya kawaida: kamua mkono na ushikilie, fungua nipo, funga nipo, achia mkono. Usiachie mkono nipo ikiwa wazi, utavuta hewa ndani. Povu sugu hujificha kwenye bolti ya juu, pale mpira unapoanzia. Geuza usukani ili masta iwe juu kuliko mpira wote, gongagonga kwa mpini wa bisibisi, na mara nyingi kufunga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha humalizia kilichobaki. Nipo ni laini, Nm 6 zinaitosha.

Hatua ya 5: Kuzoesha pedi

Paka diski msasa mwembamba kwa mizunguko, ifute kwa spiriti, usiiguse tena kwa vidole. Tafuta barabara isiyo na watu. Nenda kilomita 50 kwa saa, punguza mpaka 10 kwa kukaza kiasi, achia, rudia mara kumi au kumi na mbili. Usisimame kabisa ukiwa umeikamata, pedi yenye moto itaacha alama kwenye diski. Mara za kwanza breki itaonekana dhaifu. Ni kawaida.

Wengi wetu tumejifunzia pikipiki ndogo kwenye vumbi, tukaambiwa breki ya mbele inamwaga. Kwenye kruza, pikipiki za aina ya hii Drag Star, yenye urefu mkubwa kati ya matairi na uzito ulio chini, si rahisi kupinduka kwenda mbele. Kinachomwaga ni kukamata ghafla, mchangani, au huku umepinda kona. Kamua kwa kuongeza, uzito uhamie mbele kwanza, ndipo ukaze.

Ikiwa bado haitoshi: masta

Miaka ya mwanzo ya kazi nilimfungia kijana mmoja masta yenye pistoni kubwa, nikiamini kubwa ndiyo yenye nguvu. Mkono ukawa mgumu kama ubao, tukaridhika wote wawili. Kesho yake alirudi ananiambia inachelewa kusimama kuliko mwanzo. Alikuwa sahihi.

Hesabu yake ni ya maeneo. Pistoni ya milimita 16, zidisha 16 kwa 16, unapata 256. Ya milimita 14 inakupa 196. Ukitoka 16 kuja 14, vidole vilevile vinatoa shinikizo lililoongezeka kwa karibu asilimia 30, na mkono unasafiri zaidi kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo masta ndogo ndiyo inayoongeza nguvu, ilimradi mkono usigonge gripu. Kipimo cha pistoni mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wa masta. Badilisha hatua moja tu kwa wakati.

Diski ya pili, kama ile ya Drag Star 1100, inataka mguu wa shokapu wenye masikio ya kalipa, kitovu cha tairi chenye matundu pande zote mbili, na masta kubwa zaidi ya kulisha kalipa mbili. Ukivipata vyote, sawa. Kuchomelea kipande cha chuma kwenye mguu wa shokapu ili ufunge kalipa, hapana. Wakiniomba hivyo huwa nawarudisha.

Ukimaliza, piga mstari wa rangi ya kucha juu ya kila bolti na chuma kilicho jirani nayo. Baada ya kilomita 100 angalia kama mistari bado imenyooka, pitisha tishu nyeupe kuzunguka viungo vya mpira uone kama inalowa, na uandike tarehe ya mafuta kwenye kipande cha plasta chini ya chupa ya masta. Miaka miwili ikifika, yamwage.