Kairopraktiki kwa gharama ya VA: jinsi ya kuomba, na pale bili inapokunyemelea

Kama ulitumikia jeshi la Marekani, ukabeba begi zito na fulana ya kuzuia risasi mpaka kiuno kikawa kinakuamsha usiku, VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani (waliowahi kuwa jeshini), inaweza kukulipia daktari wa kairopraktiki, yule anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Huduma hii imo kwenye matibabu ya kawaida ya kila veterani aliyesajiliwa, na ndani ya hospitali za VA ipo tangu 2004. Nawalenga hasa ndugu zangu waliojiunga wakiwa na ukaazi wa kudumu, au kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha, wakati Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Wengi wetu tunadhani haya ni mambo ya wazee wa Vietnam, huku tunajipaka dawa ya kuchua na kumeza vidonge vya dukani.

Usajili siutolei maelezo mengi. Fomu ni 10-10EZ, mtandaoni au kwa simu 877-222-8387, na uwe na DD214, cheti cha kumaliza utumishi, mkononi. Kwa kawaida wanataka miezi 24 mfululizo ya utumishi, au muda wote ulioitwa. Kwa walio Reserve na National Guard, yaani askari wa akiba, mazoezi peke yake hayatoshi. Lazima uwe uliitwa kazini kwa amri ya serikali kuu. Kama DD214 ina majina mawili na leseni ya udereva ina yote matatu ya kwenu, sawazisha hilo mapema. Mfumo wao haujui kwamba Otieno wa hapa ndiye Otieno wa pale.

Ukishasajiliwa, usiende kliniki yoyote kwanza. Pita kwa daktari wako wa kawaida wa VA, yeye ndiye anayetoa rufaa, yaani kukuelekeza kwa mtaalamu. Na hapa malezi yetu yanatuponza. Akikuuliza hali, sisi hujibu "nzuri tu, daktari", kisha tunaketi tunangoja aone mwenyewe. Haoni. Ataandika "nzuri" na kufunga faili. Mweleze kilichokushinda: huwezi kumbeba mtoto, huwezi kuendesha gari saa nzima bila kusimama, mguu wa kushoto unakufa ganzi. Kisha sema wazi kwamba unaomba rufaa ya kairopraktiki, na usitoke mpaka akuhakikishie kwamba ameiingiza kwenye kompyuta. Ahadi ya "nitaishughulikia" haina namba ya kufuatilia. (Ukipata ganzi kati ya mapaja au mkojo ukakataa kujizuia, achana na rufaa, nenda chumba cha dharura siku hiyo hiyo.)

Baada ya hapo kuna njia mbili. Kama hospitali yako ina kairopraktiki wa ndani, mchukue. Kumbukumbu zote zinakaa faili moja na makaratasi ni machache. Kama foleni yake inapita siku 28, au wastani wa safari kwa gari unazidi dakika 60, sheria ya MISSION inakupa haki ya kutibiwa nje kwa gharama ya VA, utaratibu ulioanza Juni 2019. Karani wa miadi si lazima akukumbushe. Atakutajia tarehe ya mbali kwa sauti tamu, na ukisema "sawa" umekubali. Mwambie unataka huduma ya nje.

Ukipelekwa nje, ngoja barua ya idhini. Ina namba ya rufaa, jina la kliniki, tarehe ya kuanza na ya kuisha, pamoja na huduma zilizoruhusiwa. Bila idhini hiyo, VA hailipi. Na kliniki yenyewe lazima iwe kwenye mtandao wa Optum au TriWest, kampuni zinazosimamia kliniki za nje kwa niaba ya VA, kulingana na jimbo lako. Bendera kubwa mlangoni na punguzo la maveterani havimaanishi kwamba imo.

Sasa tufike penye moto. Idhini ina mwisho, na mgongo hauna habari na tarehe. Ukihitaji kuendelea, kliniki ndiyo inayojaza fomu 10-10172 ya kuomba huduma zaidi na kuituma kwa ofisi ya VA ya huduma za nje pamoja na maelezo ya matibabu. Wewe huwezi kuijaza. Kliniki yangu iliniambia wametuma kwa faksi. VA wakasema hawajaona kitu. Kliniki wakasema wametuma tena. Mpokezi aliendelea kunipangia miadi huku akitabasamu, mpaka siku bahasha ilipofika nyumbani ikiwa na bili yenye jina langu. Nchi iliyopeleka watu mwezini bado inaendesha matibabu yake kwa faksi.

Kwa hiyo, zikibaki ziara chache za idhini yako, waambie waanze kujaza wakati huo, si siku ya mwisho. Omba nakala ya fomu na ile karatasi ya mashine inayothibitisha faksi imefika. Nakala hiyo mtumie timu ya daktari wako kwa ujumbe wa ndani kwenye VA.gov, ambako inabaki na tarehe. Mwombe kairopraktiki aandike mabadiliko yanayoonekana: mwanzoni alikaa dakika 10, sasa anakaa 40. "Mgonjwa anajisikia nafuu" haimshawishi mtu. Na idhini ikiisha kabla mpya haijatoka, ahirisha miadi, hata mpokezi akisema hakuna shida. Shida itakuja kwa posta.

Bili ikishafika, usikimbilie kutoa kadi. Piga 877-881-7618, eleza, na uwe na namba ya rufaa karibu. Ziara zilizokuwa na idhini, kliniki inatakiwa kuidai VA, si wewe.

Kuhusu pesa zako mwenyewe: ukiwa na asilimia 10 au zaidi ya ulemavu uliotokana na jeshi, huchangii kitu kwa ziara kama hizi. Ukiwa na 30 au zaidi, dai pia nauli, senti 41.5 kwa maili, kupitia BTSSS, mfumo wa mtandaoni wa VA wa kudai nauli. Wanakata dola 3 kwenda na 3 kurudi, mpaka dola 18 kwa mwezi. Mwisho ni siku 30 tangu siku ya miadi, na kila miadi ina dai lake, kwa hiyo mimi hujaza nikiwa bado maegeshoni. Hakikisha umewasilisha, si kuhifadhi tu. Dai lililohifadhiwa bila kuwasilishwa linabaki pale kama rasimu, na zile siku 30 zinaendelea kuhesabika.