Namna ya kuchunguza diplomasia ya Washirika kuhusu Ufaransa iliyogawanyika, 1940–1944: mwongozo kwa wanafunzi wa historia wa Lubumbashi

Mwanafunzi wa historia hapa Lubumbashi anayeamua kuandika juu ya uhusiano wa Washirika na makoloni ya Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia atakutana na ugumu mmoja tangu mwanzo: telegramu za Washington na London zinaitaja Ufaransa kwa jina moja, ilhali kati ya mwaka 1940 na 1944 walikuwapo watu wawili, na kwa muda hata watatu, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye msemaji wake. Mwongozo huu unaeleza njia ya kuupita ugumu huo. Msingi wake ni kwamba Washirika hawakuamua mara moja ni Mfaransa yupi aliye halali. Waliamua koloni kwa koloni na mwezi kwa mwezi, wakiangalia ni nani aliyeshika bandari au uwanja wa ndege walioutaka. Ukiuliza kama Marekani ilimtambua de Gaulle, jenerali aliyekataa kusalimu amri akakimbilia London, utapata majibu yanayopingana. Ukiuliza Marekani ilizungumza na nani huko Brazzaville mwezi wa Aprili 1942, na juu ya jambo gani, utapata jibu moja lililo wazi.

Andika kwanza, katika ukurasa mmoja, tarehe zisizokwepeka. Tarehe 22 Juni 1940 serikali ya Marshali Pétain ilitia sahihi mkataba wa kusitisha mapigano na Ujerumani, na tarehe 10 Julai bunge lililokutana katika mji wa Vichy lilimkabidhi mamlaka yote; ndiyo maana serikali yake huitwa kwa jina la mji huo. Kati ya tarehe hizo, yaani 28 Juni, Uingereza ilimtambua Jenerali de Gaulle kuwa kiongozi wa Wafaransa Huru wote watakaomfuata, popote walipo. Pima vizuri kilichotolewa hapo: alitambuliwa kiongozi wa watu, haikutambuliwa serikali. Hata mapatano ya 7 Agosti kati yake na Churchill yalihusu kikosi cha wanaojitolea, matumizi yake na gharama zake. Mwanafunzi anayeandika kwamba London ilitambua serikali ya de Gaulle mwaka 1940 anastahili kurudishiwa ukurasa huo na msimamizi wake. Ongeza tarehe 3 Julai, siku ambayo meli za Uingereza zilishambulia zile za Ufaransa katika bandari ya Mers el-Kébir, Algeria, na kuua karibu mabaharia 1,300. Bila tukio hilo huwezi kueleza kwa nini maofisa wengi wa makoloni, hata wasioipenda Ujerumani, walikataa kusimama upande wa Waingereza.

Baada ya tarehe, chora jedwali la makoloni lenye nafasi nne: jina la koloni, mtawala wake mwezi wa Juni 1940, upande aliofuata, na siku ambayo upande huo ulibadilika. Safu za Afrika ya Kati zitajaa haraka. Chad ilijiunga na Ufaransa Huru, yaani upande wa de Gaulle, tarehe 26 Agosti 1940 chini ya Gavana Félix Éboué, Mweusi mzaliwa wa Guyane. Kamerun ikafuata tarehe 27 kwa kazi ya Leclerc, ofisa wa de Gaulle, Brazzaville tarehe 28, na Oubangui-Chari (Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo) tarehe 30. Gabon iliyumba, kisha ikachukuliwa kwa silaha mwezi wa Novemba. Afrika ya Magharibi ilibaki na Vichy chini ya Pierre Boisson, ambaye askari wake waliizuia Dakar isichukuliwe na de Gaulle na Waingereza kuanzia 23 hadi 25 Septemba. Syria na Lebanon, ambazo zilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa wala hazikuwa makoloni, ziliondoka mikononi mwa Vichy Julai 1941, baada ya mapigano ya wiki tano.

Jihadhari na kitenzi unachotumia unapoeleza jedwali hili. Vitabu vingi husema kwamba Chad au Kamerun ilichagua. Waliochagua walikuwa magavana, maofisa wa jeshi na wafanyabiashara wachache. Wananchi walijulishwa baadaye, walipotakiwa kutoa askari, mpira na kazi ya barabara.

Hapa ndipo msomaji wa Katanga ana faida ambayo mwenzake wa Paris hana. Tunajua jinsi Kongo ya Wabelgiji ilivyovuka mwaka huo, na ulinganisho huo ni kifaa cha kazi. Ubelgiji ilisalimu amri tarehe 28 Mei 1940, lakini Waziri wa Makoloni, Albert de Vleeschauwer, alifika London mwezi wa Julai, na Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Washirika. Mawaziri wengine walisitasita huko Ufaransa, jambo ambalo wengi husahau, na waziri mkuu Pierlot alifika London mwezi wa Oktoba tu. Hata hivyo, haikutokea serikali ya pili ya Ubelgiji iliyokuwa na balozi Washington na kudai Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ni yake. Kwa hiyo shaba ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, ilikuwa na mwenye kuiuza ambaye Uingereza ilimjua, na mapatano ya uchumi yakatiwa sahihi Januari 1941. Ng'ambo ya mto, mbele ya Léopoldville, mambo yalikuwa tofauti: Kanali de Larminat aliandaa mapinduzi ya Brazzaville akiwa upande wa Wabelgiji, kisha akavuka. Weka miji hiyo miwili katika sura moja, nawe utaona kwamba shida ya Ufaransa haikutokana na kushindwa vitani peke yake, maana Ubelgiji nayo ilishindwa. Ilitokana na kwamba sehemu moja ya Ufaransa ilibaki na serikali, jeshi la majini na makoloni baada ya kushindwa.

Ukifika kwenye nyaraka zenyewe, tenganisha London na Washington. Uingereza ilimlisha de Gaulle na kumpa redio, huku ikiendelea kuongea na watu wa Vichy kupitia Madrid. Marekani, ambayo haikuwa vitani hadi Desemba 1941, ilimpeleka Admirali Leahy kuwa balozi Vichy mapema mwaka 1941, na mjumbe wake Robert Murphy akapatana na Jenerali Weygand, mwakilishi wa Vichy huko Afrika ya Kaskazini: bidhaa za Marekani zingeingia, na makonsuli wasaidizi wa Marekani wangesimamia zisifike kwa Wajerumani. Makonsuli hao walikusanya pia habari za kijeshi. Lengo la Roosevelt lilikuwa kuzuia meli za Ufaransa na bandari za Afrika zisiingie mikononi mwa Hitler, na ukilishika lengo hilo, maamuzi mengi yanayoonekana ya ajabu yatapata maelezo.

Mfano ninaoupendekeza kwa zoezi la kwanza ni visiwa vya Saint-Pierre na Miquelon, karibu na Kanada, vyenye watu wachache mno kuliko mtaa wetu wa Katuba. Tarehe 24 Desemba 1941 Admirali Muselier wa Ufaransa Huru alivichukua bila kumwaga damu, na wakaaji wakaunga mkono kwa kura. Cordell Hull, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alikasirika, akatoa tamko lililowataja kuwa wale 'wanaojiita Wafaransa Huru', na magazeti ya Marekani yakamshambulia yeye. Soma telegramu za wiki hiyo kwa utaratibu, kisha uzilinganishe na zile za Machi na Aprili 1942, pale Marekani hiyohiyo ilipokubali kwamba Ufaransa Huru ndiyo inayotawala kwelikweli katika visiwa vya Pasifiki vilivyo mikononi mwake, halafu Afrika ya Ikweta na Kamerun, na ikafungua ofisi ya konsuli mkuu Brazzaville. Sababu haikuwa mapenzi. Majeshi ya Marekani yalikuwa yameshuka Nouméa, katika kisiwa cha Kaledonia Mpya huko Pasifiki, na ndege zake zilihitaji kiwanja cha Pointe-Noire. Wakati huohuo Leahy alikuwa bado Vichy.

Nyaraka za Marekani ndizo rahisi kupatikana: Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo imeuweka mfululizo wake wote kwenye intaneti bila malipo, ukiwa umepangwa kwa mwaka na kwa nchi. Pakua juzuu za 1940 hadi 1944 mapema na uzihifadhi kwenye simu, kwa sababu umeme wa hapa haungoji mtu amalize sura. Katika kila telegramu andika aliyetuma, aliyepelekewa, saa ya kutumwa na saa ya kupokewa. Amri iliyofika baada ya tukio haiwezi kuwa sababu ya tukio hilo. Kumbuka pia kwamba Murphy akiwa Algiers aliishi kati ya maofisa wa Vichy, na anachokiita maoni ya Wafaransa mara nyingi ni maoni ya meza aliyokula.

Madagaska usiiruke. Waingereza walishuka Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942, wakihofu Wajapani, bila kumwarifu de Gaulle. Walijaribu kuelewana na gavana wa Vichy, Annet, wakapigana naye hadi Novemba, ndipo Desemba wakakubali kukikabidhi kisiwa kwa Ufaransa Huru.

Sehemu ngumu kuliko zote inaanza tarehe 8 Novemba 1942, Washirika waliposhuka Moroko na Algeria. Walimkuta Admirali Darlan wa Vichy, wakapatana naye ili mapigano yakome, na Boisson akaileta Dakar kupitia mlango huohuo. Darlan aliuawa tarehe 24 Desemba. Jenerali Giraud, ambaye Wamarekani walimpendelea kuliko de Gaulle, akachukua nafasi yake. Hapa panga safu tatu, de Gaulle, Giraud na Vichy, na ujaze wiki kwa wiki hadi mkutano wa Anfa, Casablanca, wa Januari 1943 na kuundwa kwa Kamati ya Ukombozi, iliyowaunganisha de Gaulle na Giraud, huko Algiers tarehe 3 Juni. Kisha weka matamko ya 26 Agosti 1943 kando kwa kando. Washington iliitambua Kamati kuwa inatawala maeneo ya ng'ambo yanayoikubali, London ikaenda mbele kidogo, na Moscow ikaiona kuwa mwakilishi wa masilahi ya Jamhuri ya Ufaransa. Siku moja, Kamati moja, matamko matatu: tofauti hizo zinatosha kuwa sura nzima.

Mkutano wa Brazzaville, uliofanyika kuanzia 30 Januari hadi 8 Februari 1944, uusome ndani ya mlolongo huu, usiufanye mwanzo wa uhuru. Magavana waliokutana walikataa waziwazi hata wazo la makoloni kujitawala siku za mbali, na Waafrika hawakukaa humo kama wajumbe wa nchi zao. De Gaulle alihitaji kuwaonyesha Wamarekani, waliokuwa wakizungumzia udhamini wa kimataifa, kwamba himaya ina mwenyewe.

Funga jedwali lako tarehe 23 Oktoba 1944, siku ambayo Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti ziliitambua Serikali ya Muda ya Ufaransa. Indochina na mgogoro wa Syria wa 1945 viwekee daftari lingine.